NANI HUPANGA TAREHE?
Kalenda, Kumbukumbu na Haki za Wananchi wa Handeni na Korogwe

Utangulizi

Katika shule, vyuo na matawi mengi kuna mazoea ya kusoma orodha ya mambo yaliyotokea "siku kama ya leo". Msomaji husimama na kutaja: siku kama ya leo alizaliwa mwanamuziki fulani, siku kama ya leo vita fulani vilianza, siku kama ya leo kiongozi fulani alifariki. Wasikilizaji hupiga makofi, kisha hutawanyika. Wanafunzi huziandika tarehe hizo katika madaftari na kuzikariri kwa ajili ya mtihani.

Hatupingi mazoea hayo. Taifa lisilojua siku zake ni kama mtu asiyejua jina la baba yake. Lakini orodha peke yake si elimu. Orodha humweka mwanamuziki, mfalme na vita katika mstari mmoja, kana kwamba wote wana uzito sawa na kana kwamba wote wameletwa na namba ya siku. Kada wa Chama hawezi kuridhika na hilo. Kazi yake ni kuuliza: tarehe hii ilipangwa na nani? Ilipangwa kwa manufaa ya nani? Na ni siku zipi, za watu gani, ambazo hazikupewa nafasi katika kalenda?

Katika makala hii tutayachambua maswali hayo kwa mifano ya wilaya za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga. Tumezichagua kwa sababu historia yake inaonyesha waziwazi jinsi kalenda ilivyotumika kama chombo cha utawala, na jinsi inavyoweza kuwa chombo cha wananchi kujitetea.

1. Kalenda tatu katika nchi moja

Watu wengi hudhani kwamba kalenda ni kitu cha asili, kama mvua au jua. Siyo. Jua, mwezi na majira ni vitu vya asili. Kalenda ni mapatano ya watu juu ya namna ya kuvihesabu vitu hivyo.

Mkulima wa Handeni alikuwa na hesabu ya majira. Alijua vuli, alijua masika, na alijua kipindi cha jua kali katikati yake. Mwaka wake uligeuka mvua zilipoanza, wala hakuhitaji namba. Miaka iliyopita aliitambua kwa matukio: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa fulani, mwaka alipotawazwa mzee fulani. Njaa ndizo zilizokuwa nguzo za hesabu hiyo, kwa kuwa Handeni ni nchi ya mvua za kubahatisha, na njaa humgusa kila mtu kwa pamoja.

Pwani, kutoka Tanga hadi Unguja, kulikuwa na hesabu nyingine ya majira iliyoanzia Siku ya Mwaka. Mwaka uligawanywa katika miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Miongo thelathini na sita na siku tano za ziada zilitimiza siku 365. Wavuvi, mabaharia na wakulima walitumia miongo hiyo kujua wakati wa pepo na wakati wa kupanda. Makunduchi, Unguja, bado wanaoga mwaka kila Julai kufuatana na hesabu hiyo.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, iliyokuja na Uislamu. Hiyo ndiyo inayoongoza mfungo, Idi na Maulidi. Katika hesabu yake siku huanza jua linapotua, ndiyo maana Waswahili huita "usiku wa Ijumaa" ule usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mwaka wake ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo sikukuu zake huzunguka majira yote.

Kalenda ya tatu ni ile iliyoletwa na misheni, serikali ya kikoloni na mashamba makubwa. Ndiyo hii yenye Januari na Desemba ambayo leo tunaitumia kwa shughuli za serikali na Chama. Ina faida zake: inaunganisha nchi nzima na dunia nzima katika hesabu moja. Lakini haikuja kama zawadi. Ilikuja pamoja na kodi na kazi ya kulazimishwa.

2. Kalenda ya kodi, reli na kipande

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Katika miche hiyo 62 ndipo ulipozaliwa uchumi wa mkonge uliofunika bonde la mto Pangani, kuanzia mwambao hadi Korogwe na kuendelea mpaka Mombo.

Mwaka 1898 ukoloni wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba. Hapa tuangalie kwa makini. Kodi haiwezi kutozwa bila kalenda. Lazima kuwe na siku ya mwisho ya kulipa, na lazima kuwe na adhabu kwa aliyepitisha siku hiyo. Mkulima aliyekuwa akihesabu mwaka wake kwa mvua sasa alilazimika kujua mwaka wa mtoza kodi. Na kwa kuwa kodi ilitaka fedha, na fedha ilikuwa shambani kwa mlowezi, tarehe ya kodi ndiyo iliyomsukuma mkulima kwenda kukata mkonge.

Huko shambani alikutana na hesabu nyingine, ya kipande. Mfanyakazi alipewa kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, kadi yake ilitiwa alama. Nyapara akiona kazi haikukamilika, chumba kilibaki kitupu na siku hiyo ikawa haikuwapo. Mshahara ulilipwa vyumba vyote thelathini vilipojaa, hata kama ilichukua wiki sita. Kwa maneno mengine, mwezi wa mfanyakazi haukuwa mwezi wa mbinguni wala mwezi wa ukutani. Mwezi wake uliisha pale mwajiri alipokubali kwamba umeisha.

Hapa unyonyaji unaonekana mpaka ndani ya hesabu ya siku. Mfanyakazi alitoka jasho siku hiyo, alichomwa na miiba ya mkonge siku hiyo, alikula siku hiyo, lakini siku hiyo haikuhesabiwa kuwa siku. Vijana wa manamba walioletwa kutoka mbali, hasa baada ya wenye mashamba kuunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, mwaka 1944, walihesabu muda wao wa kurudi nyumbani kwa vipande na si kwa miaka. Mtu asemaye kwamba kalenda haina tabaka aitazame kadi ya kipande.

Kwa sababu hiyo tunapoadhimisha Mei Mosi katika bonde la mkonge hatuadhimishi jambo la kigeni. Tarehe 1 Mei, 1886, wafanyakazi wa Chicago na miji mingine ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Mwaka 1889 mkutano wa wafanyakazi wa nchi mbalimbali uliofanyika Paris uliichagua tarehe hiyo kuwa siku ya madai yao. Mgogoro wa Chicago ulikuwa juu ya jambo lilelile la kipande: nani ana mamlaka ya kusema siku ya mfanyakazi inaanza lini na kuisha lini?

3. Siku zilizotokea na siku zilizochaguliwa

Sasa tuzitazame siku za taifa letu. Makada wengi huzitaja bila kuzitofautisha. Kuna siku zilizotokea kwa mwendo wa mapambano, na kuna siku zilizochaguliwa kwa makusudi.

Tarehe 12 Januari, 1964, haikuchaguliwa na kamati ya sherehe. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuja na siku yake. Lakini tarehe 9 Desemba ilipangwa mezani. Mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam Machi 1961 ulitaja tarehe 28 Desemba, 1961, kuwa siku ya Uhuru wa Tanganyika. Baadaye siku hiyo ikaletwa karibu zaidi, ikawa tarehe 9. Mwaka uliofuata, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, ilichaguliwa tena tarehe 9 Desemba, 1962. Hapo hapakuwa na bahati. Jamhuri ilifungamanishwa na Uhuru kwa makusudi, ili wananchi waone kwamba kumwondoa gavana na kuondoa utawala wa Malkia ni hatua mbili za safari moja.

Vivyo hivyo Muungano. Hati za Muungano zilitiwa sahihi tarehe 22 Aprili, 1964, lakini tunaadhimisha tarehe 26 Aprili, siku Muungano wenyewe ulipoanza. Na jina la Tanzania lilikuja tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Mwanafunzi anayekariri tarehe moja tu hukosa somo: kupatana, kuanza na kupewa jina ni mambo matatu.

Mfano ulio bora zaidi ni tarehe 5 Februari. Afro-Shirazi Party ilizaliwa tarehe 5 Februari, 1957. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU huko Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari, 1967, lakini lilitangazwa tarehe 5 Februari. TANU na ASP zilipoamua Januari 1977 kuungana, Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa tarehe 5 Februari, 1977. Kwa uamuzi huo siku moja ilibeba mambo matatu: chama cha wananchi wa Zanzibar, itikadi iliyotangazwa Bara, na umoja wa vyama viwili. Anayesema kwamba CCM "ilitokea kuzaliwa" tarehe hiyo hajaelewa. Tarehe yenyewe ilikuwa hoja ya kisiasa.

Saba Saba nayo ina somo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Wananchi waliipa siku hiyo jina la namba zake, na jina likashika mizizi kuliko tangazo lolote la serikali. Tena ilikuja wakati mzuri kwa mkulima: mavuno ya masika yamekwisha kuingia, njia zimekauka, watu wanaweza kukusanyika na kuonyesha mazao. Baadaye, katika miaka ya 1990, siku ya wakulima ilihamia tarehe 8 Agosti, ikaitwa Nane Nane kwa mtindo uleule, na Saba Saba ikabaki na maonyesho ya biashara. Hapa tunaona kwamba hata sikukuu hubadilishiwa kazi hali ya nchi inapobadilika.

4. Siku za kuzaliwa

Watu hupenda sana kujua siku za kuzaliwa za watu mashuhuri. Tuulize mapenzi hayo yalitoka wapi.

Wakati wa Wajerumani, siku kubwa ya serikali ilikuwa tarehe 27 Januari, siku aliyozaliwa Kaisari Wilhelm wa Pili mwaka 1859. Watoto wa shule za serikali walipangwa mistari na kumwimbia mtu ambaye hawakupata kumwona. Walipokuja Waingereza, siku ya kuzaliwa ya mfalme wao ikachukua nafasi ya ile ya Kaisari. Ukoloni uliwafundisha watu kukumbuka siku aliyozaliwa mtawala, wakati wao wenyewe hawakuandikiwa siku zao za kuzaliwa.

Ni kweli kwamba tarehe hiyohiyo ya 27 Januari, mwaka 1960, ndiyo aliyozaliwa Zanzibar Samia Suluhu Hassan, ambaye mwaka 2021 alikuwa mwanamke wa kwanza kushika urais wa Tanzania. Msoma orodha atawaweka wawili hawa pamoja na kutikisa kichwa kwa mshangao. Lakini uhusiano baina yao haupo. Mwaka una siku 365 na wanadamu ni wengi. Lazima siku zigongane. Mgongano wa namba si sababu ya jambo lolote. Historia husukumwa na mapambano ya watu na hali ya uchumi, si nyota wala tarehe. Kada asiyeweza kueleza hivyo atawaacha wananchi mikononi mwa wapiga ramli.

Kalenda ya Tanzania huru ilifuata njia nyingine. Baba wa Taifa alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922, lakini mapumziko ya kitaifa ni tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Mzee Karume tunamkumbuka tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa mwaka 1972. Edward Sokoine anakumbukwa tarehe 12 Aprili, siku aliyofariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, mwaka 1984. Kuna hekima ndani yake. Mtoto anapozaliwa hajafanya kazi yoyote ya kusifiwa. Mtu hupimwa kazi yake ikiisha.

Tena tukumbuke kwamba Mwalimu mwenyewe alizaliwa katika jamii iliyokuwa na hesabu yake ya siku. Jina Kambarage ni la mzimu wa mvua, alilopewa kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Kabla mtoto yule hajawa na tarehe katika karatasi, alikuwa na tarehe katika jina lake.

Na wako mashujaa wa sanaa ambao tarehe zao za kuzaliwa hazijulikani kabisa. Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Kuzaliwa kwake hutajwa kwa kukadiria tu, kwamba ni karibu na mwaka 1880. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alifariki tarehe 17 Aprili, 2013, na umri wake ulibaki mjadala. Yeye mwenyewe alieleza kuwa alizaliwa zama za rupia. Wote wawili walitoka katika tabaka la chini la mashamba ya Unguja. Yule aliyezaliwa ikulu aliandikiwa saa na dakika. Mtoto wa mtumwa au wa mkulima alizaliwa zama za rupia.

Hali hiyo haikuishia kwa wasanii. Tazameni vitambulisho vya wazee wa Handeni na Korogwe: wangapi wamezaliwa tarehe 1 Januari au tarehe 1 Julai? Hawakuzaliwa wote siku moja. Karani alihitaji kujaza nafasi, akaijaza. Mzee aliyepunguziwa miaka mitano kwa kalamu ya karani hukawia miaka mitano kupata haki ya mzee. Ndiyo sababu juhudi ya kuandikisha watoto, iliyopata nguvu kwa mpango wa vyeti vya watoto wa chini ya miaka mitano ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ni kazi ya kisiasa kama kazi nyingine. Cheti cha kuzaliwa ni mahali pa kwanza ambapo mtoto wa mkulima anaingia katika kalenda ya nchi yake kwa jina lake.

5. Siku zisizokuwa katika kalenda

Tumesema kwamba kalenda huchagua. Basi tuangalie baadhi ya siku ambazo hazikuchaguliwa.

Tarehe 15 Desemba, 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani baada ya kumkamata bara. Alikuwa mwenye shamba na watumwa, kwa hiyo hatumfanyi mjamaa. Lakini vita vilivyobeba jina lake viliwaunganisha watu wengi wa mwambao na wa bara, wakiwamo Wazigua, kupinga kampuni ya Kijerumani. Siku yake iko siku sita tu baada ya 9 Desemba, na wanafunzi wengi wanaoimba siku ya Uhuru hawaijui.

Kuna siku nyingine ambayo haina hata namba. Katika karne ya 19, njaa kali iliwakumba Wazigua. Wengi walijiweka rehani au waliuzwa, wakapakiwa majahazini na kupelekwa Somalia. Walitoroka utumwa, wakajenga vijiji vyao kando ya mto Juba, na wakaitunza lugha yao kwa vizazi kadhaa. Hawakuwa na tarehe ya kuondoka. Walikuwa na lugha, majina na hadithi ya njaa.

Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia kusini, na wengine walifika Tanzania. Waliwekwa Mkuyu, wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, katika wilaya hiyohiyo. Wenyeji waliwasikia wakizungumza Kizigua na kutaja asili yao. Baadaye wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Kumbukumbu isiyokuwa na tarehe ilitangulia, na hati yenye tarehe ikafuata. Kumbukumbu ingekufa, hati isingekuwa na cha kusimamia. Na bila hati, kumbukumbu peke yake isingewapa haki ya kupiga kura wala kumiliki shamba.

Sasa tufike kwenye tarehe inayogusa karibu kila kijiji. Tarehe 6 Novemba, 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Watu walihama kutoka vitongoji vilivyotawanyika kwenda kwenye vijiji vyenye shule, zahanati na bomba la maji, ingawa si vyote vilivyopata huduma hizo kwa wakati. Pia kulikuwa na makosa: nguvu ilitumika mahali pengi, wengine walihamishwa mbali na mashamba yao, na wengine walihamishwa mvua zikiwa zimekaribia. Mpanga operesheni alitazama mwezi wa kalenda, lakini mkulima alitazama mawingu. Pale kalenda hizo mbili zilipogongana, aliyeumia ni mkulima.

Kwa taifa, tukio hilo lina tarehe moja. Kwa wananchi lina tarehe nyingi, maana kila kijiji kilihama siku yake. Na siku hizo si hadithi tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001, inatambua ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa watu waliohamia au kutakiwa kuhamia vijijini kati ya tarehe 1 Januari, 1970, na tarehe 31 Desemba, 1977. Sheria hiyohiyo inatambua kuwa ardhi ya kijiji ile ambayo wanakijiji wamekuwa wakiikalia na kuitumia kwa miaka kumi na miwili kabla ya sheria kutungwa.

Ndugu msomaji, tazama uzito wa maneno hayo. Haki ya shamba imefungwa kwenye tarehe. Kijiji kinachoweza kuonyesha kilihamia lini, nani aligawiwa wapi na mpaka ulikubaliwa mwaka gani kina silaha mkononi. Kijiji kinachosema "tupo hapa tangu zamani" kina maneno matupu mbele ya baraza, hata kama maneno hayo ni ya kweli. Katika Handeni, ambako mkulima, mfugaji na mwekezaji wanakutana juu ya ardhi ileile, jambo hili si la darasani tu.

Mwezi Juni 2022 familia za kwanza kutoka Ngorongoro ziliwasili Msomera, wilayani Handeni. Kwao, mwezi huo ni mwanzo wa maisha mapya, nao wana siku zao za nyuma walizoziacha Ngorongoro. Lakini Msomera hapakuwa pori lisilo na mtu. Walikuwapo wakazi waliokuwa wakilima na kuchunga, wenye siku zao za kufika. Kijiji kimoja kina kalenda mbili za kuingia. Uongozi utakaoandika moja na kuisahau nyingine utapanda mgogoro ambao watoto wa pande zote mbili watauvuna. Uongozi utakaoziandika zote kwa uaminifu utakuwa umeweka msingi wa mapatano.

6. Kazi ya kada

Nini kifanyike? Katika sensa za nchi yetu, makarani waliokutana na wazee wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa walitumia orodha ya matukio ya mahali: mzee huulizwa alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa tukio fulani, na umri wake hukadiriwa. Chombo hicho kisibaki mikononi mwa karani wa sensa, anayepita mara moja katika miaka kumi. Kila tawi na kila shule inaweza kutengeneza kalenda ya matukio ya kijiji chake. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, wazee wa kike na wa kiume waulizwe kwa pamoja na pia mmoja mmoja. Wanawake wasiachwe. Mama anakumbuka njaa ipi ilimkuta akiwa na mimba ipi, na kwa kumbukumbu hiyo tukio la kijiji zima hupata mwaka wake.

Pili, matukio ya kijiji yafungwe kwenye matukio yenye tarehe zinazojulikana. Wakati wa kuhama, je, Azimio lilikuwa limekwisha kutangazwa? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimepiganwa? Mtoto yupi alikuwa mgongoni?

Tatu, yaliyosemwa na wazee yalinganishwe na karatasi: mihtasari ya mikutano ya kijiji, kadi za zamani za Chama, rejista za shule na zahanati, vyeti vya ubatizo, kadi za kipande zilizosalia kwa wastaafu wa mkonge. Mahali ambapo mdomo na karatasi havipatani, vyote viwili viandikwe. Karatasi nayo iliandikwa na mtu mwenye msimamo wake.

Nne, makosa yaandikwe pamoja na mafanikio. Kalenda ya sherehe tupu haifundishi. Siku nyumba zilipobomolewa iandikwe, na siku zahanati ilipofunguliwa iandikwe.

Tano, kazi hiyo isomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, irekebishwe na wananchi wenyewe, na nakala zake ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Daftari moja lililo kabatini kwa mtendaji mmoja linaweza kuliwa na mchwa au kupotea siku mtendaji huyo anapohamishwa.

Kazi hiyo haingoji fedha za wafadhili. Inahitaji daftari, kalamu na subira, na inahitaji kuanza mapema, kwa sababu kijana aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1974 ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Kila masika inayopita inapunguza idadi ya mashahidi.

Hitimisho

Tumeona kwamba tarehe hupangwa. Kaisari alipanga yake, nyapara wa mkonge alipanga yake, na taifa huru lilipanga zake kwa busara ya kuunganisha watu. Lililobaki ni kijiji nacho kupanga zake, bila kulipinga taifa. Tarehe 9 Desemba itazidi kuwa na maana kwa mtoto wa Kabuku au Magoma anayeweza pia kusema babu yake alifika hapo mwaka gani, kwa njia gani, na akagawiwa ardhi ipi. Siku hazigandi, lakini zinaweza kuandikwa.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya siku iliyotokea na siku iliyochaguliwa. Toa mifano miwili ya kila moja kutoka historia ya Tanzania na miwili kutoka kijiji au mtaa wako.

2. Kwa nini kadi ya kipande inaweza kuitwa kalenda ya kitabaka?

3. Kijiji chako kilianzishwa au kilihamia hapo kilipo mwaka gani? Nani anajua, na limeandikwa wapi? Kama halikuandikwa, tawi lako litafanya nini kabla ya masika ijayo?